Saa moja yenu inaanzia wapi?

*Maswali ya wasomaji. Anajibu Shangazi Muuguzi*

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Muheza, miaka 34, niko Umeå, kaskazini ya Uswidi, na huu ni mwaka wa tatu. Nafanya kazi kwenye ghala, naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi jioni. Ukiingia mwezi wa kumi na moja mwili unakuwa si wangu. Saa tatu usiku nimeshapanda kitandani, na kuamka saa kumi na mbili mpaka simu ilie mara nne. Siku za mapumziko nauchapa usingizi hadi saa sita mchana, na nikiamka bado nina lepe. Kazini nasinzia chooni, Shangazi, nisikufiche. Nakula mkate na sukari kama mwenye mimba. Msimu uliopita niliongezeka kilo nane. Ikifika Desemba simu za nyumbani sipokei, mpira sitazami, nakaa tu. Halafu mwezi wa nne narudi kuwa mtu. Mke wangu anasema ni uvivu niliojifunzia Ulaya. Rafiki yangu anasema nitafute shehe anisomee. Mama kanitumia ujumbe huenda ni malale. Mwenzangu wa kazini anasema vitamini D. Nijibu Shangazi: kulala sana ndiko kunakonitia huzuni, au huzuni ndiyo inayonilaza?
*Pono, Umeå*

JIBU: Marahaba mwanangu. Jina ulilojipa limenichekesha, maana mimi ni mtu wa Pangani na pono nimemla sana. Kweli samaki yule ana usingizi mzito hadi ukatungiwa misemo. Lakini pono hulala usiku, na kukicha anaondoka mwambani kutafuta riziki. Wewe tatizo lako ni kwamba huko uliko hakukuchi.

Kabla sijakujibu nikusimulie yangu, ujue hujaandikia mtu aliyesoma habari hizi vitabuni tu. Mwaka 2001 nilikwenda kufanya kazi Skellefteå, zaidi ya kilomita mia moja kaskazini ya huo mji wako, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nilifika Agosti, jua tele, nikasema hawa watu wa baridi wananitania. Novemba ikanikuta. Wiki moja nilipitiliza kituo changu mara mbili kwa usingizi, basi likanifikisha mwisho wa njia, dereva ananigusa bega na mimi nimepakata mkate mzima nilioumega katikati. Msimamizi wangu akaniambia hadharani kwamba pale halipwi mtu kuja kulala. Niliona haya, mwanangu. Mimi niliyekuwa nikizunguka wodi usiku kucha nyumbani bila kupiga mwayo, leo naitwa goigoi.

Nikampigia mama kwa kadi ya simu, akaja kupokea dukani kwa jirani. Nikamweleza. Hakuniuliza kama nimerogwa. Aliniuliza, "Kwani unaamka na jua?" Nikamjibu jua halipo, mama, linatoka karibu na saa nne, saa nane hulioni tena. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa hiyo saa moja yenu inaanzia wapi?"

Nimefanya kazi na wagonjwa wa akili miaka mingi baada ya hapo, na sijasikia mtu aliyeueleza ugonjwa wako vizuri kuliko swali lile. Saa ya Kiswahili imefungwa kwenye jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa moja usiku ni ya kwanza ya kiza, na kwetu mambo hayo hayasogei kwa kuwa tofauti ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka pale Tanga haifiki hata saa moja. Na mwili una saa yake, ipo ndani ya ubongo, nyuma ya macho, nayo inakwenda kwa kawaida hiyohiyo. Kila asubuhi inasubiri mwanga upite machoni ndipo ijirekebishe. Mwanga ukiingia, homoni ya usiku iitwayo melatonini inakatwa na mwili unaambiwa kumekucha. Kiza kikirudi, homoni inamwagwa tena.

Sasa tazama hesabu ya Umeå mwezi wa Desemba. Jua linachomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limezama. Mchana wote ni wa saa nne na nusu hivi, basi. Wewe umeingia ghalani tangu saa moja, unatoka saa kumi. Siku tano za wiki hulioni jua hata kwa bahati mbaya. Halafu zile siku mbili zako unalala hadi saa sita mchana. Umebakiwa na mchana usiofika saa mbili, nao unaumalizia bafuni na jikoni.

Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Unauliza kipi kinatangulia. Kwa wengi wenye sonona ya msimu wa baridi, yaani ugonjwa wa huzuni unaokuja na baridi, kinachotangulia ni mwili: usingizi, uchovu, njaa ya vyakula vya wanga na sukari. Huzuni hufuata nyuma, mara nyingine wiki kadhaa baadaye, mtu anapoanza kujiona hafai kwa sababu kila siku analala, kazi zinamshinda, watu wanamnung'unikia. Barua yako mwenyewe inasema hivyo: usingizi ulianza mwezi wa kumi na moja, simu za nyumbani umeacha kupokea Desemba. Lakini vikishakuwepo vyote viwili vinasukumana. Unalala kwa sababu hakuna mwanga, na kwa kulala unaukosa hata ule mwanga kidogo uliokuwepo. Saa ya mwilini inazidi kuchelewa. Jumatatu simu inalia saa kumi na mbili, na mwili wako unajua bado ni saa tisa za usiku.

Ndiyo maana hii sonona haifanani na ile watu waliyoizoea. Sonona ya kawaida aghalabu humnyima mtu usingizi na chakula, anakonda, anakesha. Hii inamlaza na kumnenepesha. Kwa hiyo hata jamaa wanaomwona hawasemi ni mgonjwa. Mtu anayekula na kulala, kwetu sisi, ana ugonjwa gani?

Aliyeutia ugonjwa huu jina naye alitoka Afrika, na mimi hilo hunifurahisha. Ni daktari Norman Rosenthal, aliyekulia Afrika Kusini na kuhamia New York mwaka 1976. Majira ya baridi ya kwanza nguvu zilimwishia, zikarudi jua liliporudi, naye akajiuliza mbona. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha habari za wagonjwa 29 ambao kila mwaka walizama na kuibuka kwa kufuata majira, na wakaonyesha kwamba mwanga mkali unawasaidia. Kwa hiyo akikuambia mtu ni uvivu wa Ulaya, mwambie una wenzako wenye digrii.

Tuje kwa washauri wako. Mama yako na malale yake usimcheke. Vimelea wa malale kweli huvuruga usingizi, mtu akawa anasinzia mchana na kukesha usiku. Lakini malale hayajui kalenda. Hayaji Novemba yakaondoka Aprili miaka mitatu mfululizo. (Msomaji mwingine uliyekaa sehemu za mbung'o, Kongo au kwingineko, na usinziaji wako hauna msimu, mwambie daktari ulikoishi. Madaktari wa huko hawana sababu ya kufikiria mbung'o usipowatajia.)

Vitamini D ni kweli na si kweli. Ngozi yetu nyeusi huko kaskazini majira ya baridi haiitengenezi kabisa, hivyo kapime damu, na ukipungukiwa utapewa vidonge. Ila vitamini D inaingilia ngozini na saa ya mwili inaingiliwa machoni. Ni milango miwili. Nimeona watu wakimeza vidonge msimu mzima huku wamefunga mapazia, wanashangaa mbona hawapati nafuu.

Kisomo kisomwe, hakina ubaya. Mwambie tu shehe aje mchana, mkasomee nje.

Na mkeo, mwonyeshe barua hii, kisha umuulize kwa niaba yangu kama unakoroma na kusita kupumua usiku. Ukiwa unafanya hivyo, hasa baada ya zile kilo nane, basi huenda unalala kwa saa tisa na kupumzika kwa saa nne tu, na hilo lina tiba yake nyingine. Kwenye kituo cha afya waombe pia wapime wingi wa damu na tezi ya shingo. Mambo haya yote humfanya mtu asinzie, na yote hupimika.

Sasa tiba. Kuna taa maalumu, zina mwanga wa laksi 10,000. Upate kulinganisha: sebule yenye taa za kawaida haizidi laksi mia chache, na jua la Muheza saa sita mchana linafika laksi 100,000. Taa hiyo unaiweka mezani, kwa umbali ulioandikwa na watengenezaji, kwa kawaida nusu mita hivi, unakaa nayo nusu saa kila siku mara tu baada ya kuamka. Huitumbulii macho. Unakunywa chai yako, unasoma, macho yamefunguka tu. Nunua iliyochujwa miale ya urujuanimno. Wengi huanza kujisikia tofauti ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo wanapoharibu, kwani wanaiacha wakidhani wamepona. Iache jua litakaporudi. Baadhi huumwa kichwa au macho siku za mwanzo. Punguza dakika, uongeze taratibu.

Usiinunue kabla ya kuonana na daktari kama una ugonjwa wa macho, au kisukari kimegusa macho, au unatumia dawa zinazofanya ngozi na macho viungue upesi kwa mwanga. Zaidi ya yote, kama katika maisha yako uliwahi kupandwa na wazimu wa furaha, siku kadhaa hulali na huchoki, pesa zinamwagika, mwambie daktari hilo kwanza. Kwa mtu wa namna hiyo taa inaweza kumpandisha kupita kiasi.

Lakini mimi nilipona kabla sijaijua taa. Pale kwenye nyumba ya wazee alikuwepo bibi mmoja mwenye miaka 91, mzaliwa wa hukohuko, ambaye kila siku saa sita kasorobo alitaka asukumwe nje kwa kiti chake cha magurudumu. Kila siku, hata iwe nyuzi 15 chini ya sifuri. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wakikimbiana, nikapewa mimi, mgeni. Namvisha makoti mawili na blanketi, kofia ya manyoya, tunatoka. Tukifika pembe ya jengo ananiinulia mkono nisimame. Jua lenyewe limekaa chini kabisa, juu kidogo tu ya misonobari, rangi ya papai lililoiva. Yeye anageuza uso kulielekea, anakaa kimya dakika ishirini, machozi ya baridi yanamtiririka. Mimi nimesimama nyuma yake nakanyaga theluji nisigande miguu, na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama, nikawa naelekeza uso huko huko. Theluji nayo inarudisha mwanga kutoka chini. Wiki ya tatu nilishtuka niko kwenye basi, macho makavu, nahesabu vituo.

Kwa hiyo omba bosi wako akuruhusu mapumziko ya chakula utoke nje dakika ishirini au thelathini, saa tano hadi saa saba hapo katikati. Mkate utakula ukitembea. Hata siku ya mawingu nje kuna mwanga mara kadhaa zaidi kuliko ghalani. Na hiyo Jumamosi yako, mwanangu, ndiyo ninayoitaka kuliko taa. Amka saa moja, saa mbili ikizidi sana. Jua likichomoza likukute umeshavaa viatu. Ukishindwa kabisa mchana, lala dakika ishirini kwa kengele, si zaidi, na usiwe kitandani.

Jambo jingine. Tafuta daftari. Majira yangu ya pili ya baridi niliandika kila siku saa ya kupanda kitandani, saa ninayodhani nimelala, saa ya kuamka, saa ya kutoka kitandani. Mimi niliyekuwa nikimwambia kila mtu kwamba nalala kwa saa kumi na mbili, daftari lilionyesha nakaa kitandani kwa saa kumi na mbili na kulala kwa saa nane, tisa. Zilizobaki nilikuwa nimejikunyata tu kwenye mang'amung'amu, nawaza nyumbani. Nimeliona hilo kwa wagonjwa wengi baadaye. Uchovu wa sonona na usingizi si kitu kimoja. Vinafanana vikiwa vimejifunika blanketi. Usingizi ukiulalia unapungua. Uchovu ule ukiulalia unakua. Jipime: saa nne asubuhi kaa kwenye kiti bila simu. Macho yakifumba yenyewe, huo ni usingizi. Yakibaki yamekodoa huku mwili mzito kama gunia la chumvi, huo ni ule mwingine, na kitanda si dawa yake.

Ukijaribu haya kwa wiki tatu na bado, zipo dawa, na yapo mazungumzo na mtaalamu yaliyotengenezwa kwa ajili ya sonona hii hasa. Piga 1177, namba ya ushauri wa afya huko Uswidi, waeleze kama ulivyonieleza mimi, pamoja na hiyo miaka mitatu, maana kujirudia kwa msimu ndiko kunakowawezesha kuutambua ugonjwa huu. Na siku yoyote ukijikuta unawaza kwamba bora usiwepo, usiniandikie mimi. Piga 112, namba ya dharura, saa ileile, au mwamshe mkeo.

Na usijione uko peke yako na udhaifu wa mtu wa pwani. Mwaka 2012 shirika la umeme la huo mji wako liliweka taa kali kwenye vituo vya basi kama thelathini, watu waote mwanga wakisubiri basi. Dakika tano za kituoni hazitoshi kutibu mtu. Lakini waliozaliwa na theluji ndio waliozihitaji, si wewe.

Niandikie mwezi wa pili uniambie daftari limesema nini.

SWALI: Shangazi, mimi niko Limuru. Kila Julai kukiwa na ukungu na baridi nasinzia ofisini, tunakoota jiko la makaa, kuanzia saa nane mchana. Nina ugonjwa huohuo wa watu wa Ulaya?
*Mama Wambo*

JIBU: Sidhani, Mama Wambo. Ukungu wa Limuru naujua, lakini nyuma ya ukungu huo mchana wako bado una saa kumi na mbili, Julai na Januari. Saa ya mwilini haikupotea. Kusinzia saa nane, baada ya ugali na karibu na jiko, ni jambo la binadamu wote. Ningetaka kujua unalala saa ngapi usiku, na kama hicho chumba mnachochoma makaa kina dirisha. Hilo la makaa ndilo linalonitia hofu kuliko sonona: moshi usioonekana wa makaa humlegeza mtu kama usingizi na unaweza kumuua. Fungua dirisha leo. Na kama pamoja na kusinzia umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda kwa zaidi ya wiki mbili, hiyo ni sonona hata ikiwa haina msimu. Nenda hospitali.

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi. Niko Minneapolis. Nilisikia habari za taa nikanunua, ya laksi 10,000 kabisa. Naitumia kila siku nikitoka kazini, saa mbili usiku, naiweka juu ya kabati la vyombo inaangaza sebule nzima tunapotazama runinga. Huu mwezi wa pili. Usingizi wa mchana uko palepale na sasa usiku silali. Nimeibiwa?
*Umm Salma*

JIBU: Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Hukuibiwa. Taa ni nzima, umeipa zamu isiyo yake. Saa mbili usiku unauambia mwili kwamba ndiyo kwanza kunakucha, nao unakutii: unakesha, kisha asubuhi haujui uanzie wapi. Na huko juu ya kabati kilichokufikia si laksi 10,000. Mwanga ukiuzidishia umbali mara mbili unabaki robo tu, na wewe umeuzidishia mara nne au tano. Unaota moto wa jirani.

Ishushe leo. Iweke mezani unapokunywa chai ya alfajiri baada ya kuswali, nusu mita kutoka usoni, kwa upande kidogo isikuchome macho. Usiku tumia taa hafifu. Kama mna paka atakuja kujilaza mbele yake, wanaipenda sana. Msogeze tu kidogo asikukinge.